Lebo Ambayo Sikuisahihisha

Mara ya kwanza Absalom Mukhwana kunisemesha, aliniomba karamu. Ilikuwa asubuhi, mwezi wa tatu mwaka wa 1984, kwenye nyumba ya utafiti nje kidogo ya mji wa Kitale. Mbele yake palikuwa na popo wawili waliopasuliwa tumbo, wembe, na sahani ya unga wa mahindi wa kukaushia damu. Na huyu mtu ananiomba karamu! Nikamwambia, "Mzee, karamu gani tena, na mimi hata chai sijanywa?"

Akanyoosha kidole mezani. "Karamu. Hiyo nyeusi. Ya kuandikia."

Wee! Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakukasirika. Alinisubiri nimalize, akachukua kalamu mwenyewe, akanipa mkononi kwa upole kabisa. Ndivyo tulivyojuana.

Kazi yenyewe niliipata kwa sababu ya ulimi wake. Daktari Jerono, binti wa Kapsokwony aliyesomea wanyama mpaka ng'ambo, alikuwa akikusanya popo wa matunda kutoka mapango ya Mlima Elgon na mikuyu ya kule chini Bungoma. Alitaka kujua asili yao: ni ndugu wa nani, walitoka wapi, walianzaje kuruka. Absalom ndiye aliyekuwa akiwachuna, akiwajaza pamba, akiwashona, na mwisho akiwafunga lebo mguuni. Mahali, tarehe, dume au jike. Sasa siku moja ikaja barua kutoka ng'ambo, kwa wataalamu waliopelekewa popo hao, ya adabu sana, ikisema wametafuta Kimiriri na Rugali kwenye kila ramani ya Kenya na hawajaziona. Daktari alishika kichwa. Alisema popo ambaye hujui alitolewa wapi ni ngozi na pamba tu, huwezi kumuuliza lolote.

Akaanza kutafuta mtu anayesikia tofauti ya la na ra. Ndio nikaja mimi, Zuena, mzaliwa wa Mumias, nyumba ya Waswahili. Wakati huo nilikuwa nimeachika, nakaa kwa dada yangu nyuma ya msikiti wa Kitale, nauza maandazi, na huu mdomo wangu ulikuwa umeshanifukuzia nusu ya wateja. Daktari alinisomea maneno kumi, nikayaandika yote sawa, akaniajiri papo hapo. Popo sikugusa hata mmoja, nawaambia kabisa. Kazi yangu ilikuwa kalamu.

"Andika Kimiriri," Absalom angesema bila kuinua kichwa.

"Kimilili, Baba Nekesa."

"Si ndio nimesema?"

"Umesema Kimiriri."

"Ni hivyo hivyo, bana."

Kila siku hivyo. Chelangani, Cherangani. Rugulu, Lugulu. Ni hivyo hivyo, bana. Alikuwa hanitanii. Masikio yake hayakuona tofauti yoyote, na mimi nilifikiri ni kichekesho tu Mungu alichonipa cha kunifurahisha kazini.

Nimeshasema Baba Nekesa, basi niwaeleze. Absalom alikuwa mtu wa karibu na Kanduyi, ukingoni mwa mji wa Bungoma. Mkewe, Nakhungu, alifariki wakati mtoto wao wa pekee akiwa darasa la tatu, na mtoto huyo ndiye Nekesa. Alimlea peke yake. Alimsuka nywele mwenyewe, jamani, kwa vidole vile vile vya kushona popo, na mistari ilinyooka kuliko ya wanawake wengi wa Kitale. Nekesa alikuwa mrefu, mwenye kicheko cha ghafla, na aliniita shangazi kabla sijastahili. Nilimpenda yule msichana, na sitaki kusema zaidi ya hapo kwa sasa.

Kitu kimoja tu kilimtisha Absalom duniani. Kwao Wabukusu watu wa ukoo mmoja hawaoani, ni mwiko mkubwa. Dada yake Absalom aliolewa mbali, bila kujua, na mtu ambaye baadaye aligunduliwa kuwa wa ukoo wao. Walizaa watoto watatu, wote wakafa wakiwa wachanga, na Absalom ndiye aliyechimba makaburi. Mimi sijui watoto walikufa na nini. Huenda ilikuwa malaria, huenda surua. Lakini yeye alijua moyoni mwake ni nini, na hungemtoa hapo.

Kwa hivyo alikuwa mtu wa kuuliza asili. Ukimletea popo uliyemuokota njiani, hakumchuna mpaka umwambie mti gani, shamba la nani, upande gani wa mto. Mtu akisema "huko tu," alimrudishia popo wake. Nimeyaona haya kwa macho yangu, si mara moja.

Mwaka wa 1986 ikafika makala. Mtaalamu mmoja wa Australia alikuwa ameangalia mishipa inayotoka kwenye macho ya popo wa matunda kwenda kwenye ubongo, akaona imepangwa kama ya nyani na ya sisi watu, si kama ya wale popo wadogo wanaokula wadudu. Kwa hivyo, alisema, huenda hawa wa matunda si ndugu wa popo wengine hata kidogo. Huenda ni jamaa za nyani walioota mabawa kivyao, na mabawa ya popo yalizaliwa mara mbili duniani. Daktari alitusomea kwa Kiswahili tukinywa chai ya saa nne.

Absalom alifurahi ajabu. "Zuena, umesikia? Ati hawa ni binamu!" Tangu siku hiyo kila popo aliyelazwa mezani alisalimiwa kwanza. "Mulembe, binamu." Halafu ndio wembe. Mimi nikamwambia mimi sina binamu anayening'inia kichwa chini, kama kwao wako ni shauri yake.

Daktari hakufurahi sana. Alisema, "Mzee, kufanana si udugu. Na hatuna mifupa ya kale ya kuuliza, maana mifupa ya popo ni myembamba, ardhi inaimaliza. Tutauliza damu, ule urithi ulioandikwa ndani ya mwili." Akamwagiza Absalom awe anakata kipande kidogo cha ini la kila popo na kukitia kwenye chupa ya spiriti. Vifaa vya kuisoma damu hatukuwa navyo, vingekuja kwa wenzake wa ng'ambo baadaye. Basi chupa zikaanza kujaa kwenye rafu, na mimi nikaanza kuandika lebo mbili kwa kila popo, moja ya mguu na moja ya chupa.

Ngozi zilipozidi, tukahitaji masanduku. Daktari akampata fundi seremala kijana aliyekuwa na karakana karibu na soko la Kitale, mtu wa Matulo, jina lake Wekoye. Alilelewa na babu yake, Mzee Masika, na mzee huyo alikuwa ameletwa Matulo akiwa mdogo kutoka upande wa pili wa mlima, Uganda. Kijana alikuwa na mkono safi. Masanduku yake yalifunga bila kelele. Nekesa, ambaye alikuwa akifundisha shule ya chekechea mjini, akaanza kumletea baba yake chakula cha mchana hata siku ambazo baba alikuwa amebeba chakula chake. Mimi si kipofu. Nilinyamaza nikawaacha, maana walikuwa wazuri wakiwa pamoja, na walikuwa wakichekana kwa heshima.

Mwezi wa nane mwaka wa 1989 Wekoye alileta wazee wake Kanduyi kujitambulisha. Absalom alinialika kama dada yake, nami nikaenda na kilo mbili za sukari na leso mpya. Kuku walikuwa wamechinjwa. Nekesa alikuwa jikoni amevaa nguo ya maua, ananiuliza mara tatu kama nywele ziko sawa. Nyumba nzima ilinuka samli.

Ikafika wakati wa kusema ukoo. Mzee Masika, mkongwe wa watu, akasimama na fimbo yake. Alisema wao ni wachache upande huu, hata majirani huwaita tu watu wa Matulo, lakini ukoo wao ni Bamarera.

Absalom akaweka kikombe chini. "Umesema Bamalela?"

"Bamarera," akasema mzee.

"Bamalela."

"Ndiyo. Bamarera."

Na mimi? Mimi niliziba mdomo kwa leso nikacheka. Nisameheni. Nilisikia ra ya yule mzee wazi kabisa, alivyoizungusha ulimini, na nikasikia la ya Absalom, nikajiambia, haya, Kimilili na Kimiriri wamekuja kuposa. Ni hivyo hivyo, bana. Maneno yake mwenyewe ndiyo niliyojiambia. Nilikuwa nimesahihisha mamia ya lebo za popo kwa sababu mtu fulani ng'ambo asije akakosa kijiji kwenye ramani, na hiyo moja nikaiacha ipite kwa kuwa ilinichekesha.

Uso wa Absalom ulikuwa umebadilika rangi. "Sisi ndio Bamalela," akasema. "Hii nyumba ni ya Bamalela."

Mzee Masika akakaa polepole. Akasema babu yake alisimulia kwamba kuna ndugu walipotelea upande huu wa mlima zamani, labda ndio hawa. Wazee wengine wakaitikia kwa vichwa, maana masikio yao na ya Absalom ni yale yale. Hakuna aliyeuliza babu yenu nani, mlivuka mto upi, mnaoa kwa nani. Absalom, aliyekuwa hamchuni popo bila kuambiwa mti, hakuuliza. Alisikia jina, akaona makaburi matatu, basi.

Wakamwita Nekesa kutoka jikoni. Wakamwambia huyu kijana ni kaka yako, mpe mkono umwite kaka. Alimpa. Alisema, "Kaka," kwa sauti ndogo, na Wekoye akaitikia, "Dada," akiangalia sakafu. Kuku waliliwa na mbwa kesho yake.

Wiki iliyofuata Nekesa alikuja kazini. Sijui alitembea tangu saa ngapi, viatu vilikuwa na matope mpaka kwenye kamba. Alipiga magoti kando ya meza ya baba yake, hapo hapo kwenye pamba na unga, akasema, "Baba, uliza tena. Nenda Matulo uulize tena, mara moja tu."

"Niliwazika watoto watatu wa dada yangu kwa mikono hii," Absalom akamwambia. "Sitawazika wako, mama."

Alimwita mama, kama alivyozoea. Machozi yalikuwa yanamtoka na sindano bado iko mkononi. Msidhani alikuwa mkali, yule mtu alikuwa anaogopa, na woga wake ulitoka kwenye mapenzi, ndiyo sababu hakuna aliyeweza kubishana naye. Nilikuwa nimekaa pale na kalamu yangu. Nilikuwa na jibu kinywani bila kujua kuwa ni jibu.

Wekoye alifunga karakana akaenda Jinja. Nekesa akapata kazi ya chekechea Moi's Bridge, akapanga chumba nyuma ya maghala ya mahindi. Mwezi wa kumi na moja nikamtembelea, nikamkuta amevaa masweta mawili juani. Nilimvua moja mwenyewe. Mimba ilikuwa ya miezi saba.

"Shangazi," akaniambia, "mtoto wa mtu na kaka yake hutoka na nini?"

"Hutoka na njaa kama watoto wote," nikamjibu. Nilimgombeza, nikalia, nikamgombeza tena. Nikamwambia aende kliniki. Akasema kadi ya kliniki ina mahali pa jina la baba, na yeye ataandika nini hapo? Nilimwambia aandike jina la uongo. Akasema hataki mtoto aanze dunia na jina la uongo. Tulikubaliana nitakuja kukaa naye kuanzia wiki ya pili ya Januari.

Uchungu ulimshika wiki ya kwanza. Alijifungia mlango kwa sababu ya aibu, na majirani walipouvunja damu ilikuwa imeshamwagika nyingi mno. Mama mmoja wa pale ndiye aliyenieleza. Walimpakia nyuma ya pikapu ya mahindi kumpeleka hospitali, na hakufika. Alikuwa na akili zake mpaka karibu na mwisho. Alisema mtoto aitwe Nakhungu, jina la mama yake, na mara mbili aliomba, "Mhesabuni vidole." Yule mama alihesabu vya mikono na vya miguu, akamwambia vimetimia. Hajui kama alisikia.

Tulimzika Kanduyi kando ya mama yake. Baada ya mazishi nilimpelekea Absalom mtoto, amefungwa blanketi la manjano. Alisimama mlangoni. Aliliangalia lile blanketi muda mrefu, mkono ukainuka kidogo, ukarudi. "Siwezi, Zuena," akasema. "Huyu ni wa mwiko. Nikimshika nitamuua na yeye." Nikaondoka naye kwenda Kitale.

Basi nikawa mama. Watu wa nyuma ya msikiti walisema Zuena ameokota mtoto wa Kikristo, na wa kanisani wakasema mtoto wao ameenda kwa Waislamu, na wote niliwapa majibu ambayo hayaandikiki. Absalom alileta maziwa, alileta mahindi, alinunua sare ya shule. Kila kitu alileta. Lakini Nakhungu akija pale kazini mchana, babu yake aliinuka akaenda nje kuosha chupa. Chupa safi, anaziosha tena. Mtoto akazoea kusimama mlangoni mpaka atoke, ndio aingie. Alimwita Mzee Absalom, kama watu wote.

Mwaka wa 1994 Daktari alipata barua nyingine. Damu ilikuwa imesomwa na watu wengi sehemu nyingi za dunia, na majibu yalielekea upande mmoja: popo wote, wa matunda na wa wadudu, ni ukoo mmoja. Mabawa yalizaliwa mara moja tu. Undugu wa nyani haukuwepo.

"Kwa hivyo miaka hii yote nawaita binamu bure," Absalom akasema.

"Macho yalifanana, mzee. Damu ikakataa."

Alishona kidogo, akasimama. "Na damu ya watu, Daktari, nayo inaweza kuulizwa hivyo? Kama hawa na hawa ni wamoja?"

"Inaweza. Si hapa kwetu, lakini inaweza."

Hakuuliza tena. Nilijua anachouliza, na nilimhurumia, na bado sikukumbuka ile ra. Naapa sikukumbuka. Nilikuwa nimeicheka ikaisha.

Mzee Masika alifariki mwaka wa 1996. Niliposikia, nikamvalisha Nakhungu gauni lake la bluu nikampeleka Matulo, ili Wekoye amwone mara moja, mwiko au si mwiko. Alikuwa amerudi kutoka Jinja kulichonga jeneza yeye mwenyewe. Alimwangalia mtoto kutoka mbali, huku ameshika mkononi kanda ya kupimia, na hakusogea.

Kwa Wabukusu mzee mkubwa akizikwa, huja msemaji wa kusimulia asili ya ukoo mbele ya matanga. Huyu alitoka Uganda, kwa jamaa za marehemu, mtu mwembamba mwenye sauti ya kufika mbali. Lugha yao naielewa vya kutosha. Alieleza Bamarera walivyoanza, babu yao wa kwanza, mapango waliyokaa, mito waliyovuka. Ra zake zilikuwa zinanguruma. Halafu akafika kwenye koo walizooana nazo tangu zamani, akaanza kuzitaja, na ya tatu akasema: Bamalela. Ati Bamalela wa upande wa Bungoma, watu wengine kabisa, babu mwingine, mlima mwingine. Mababu zetu walioa kwao na wao wakaoa kwetu, akasema, na ndoa zile zilikuwa na heri.

Nikamtafuta Wekoye kwa macho. Alikuwa ameketi chini, kwenye nyasi, miguu imenyooka mbele kama mtoto mdogo. Nilimwendea. Alikuwa anasema neno moja tu, anarudia, "Nilimwita dada. Nilimwita dada, Zuena."

Siku tatu sikulala vizuri wala kula. Nilifikiri kunyamaza. Absalom alikuwa amezeeka, kwa nini nimpe kisu hicho? Halafu nikamwona Nakhungu akipaka viatu vyake rangi, miaka sita na nusu, anajiandaa kwenda kusimama mlangoni. Nikasema la. Atajua, na atajua kutoka kwangu, na cheko langu nitalitaja.

Jumatatu asubuhi nikamkuta amelaza mezani popo dume, yule mwenye manyoya meupe mabegani. Niliketi mbele yake nikamweleza kila kitu. Msemaji, koo, ndoa za zamani. Nikamwambia nilisikia tofauti siku ile ile, Kanduyi, na nikacheka kwa leso.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Aliweka sindano chini akasema, "Sema hayo majina."

"Bamalela."

"Ndiyo."

"Bamarera."

"Ndiyo." Alikuwa ananiangalia mdomo. "Ni tofauti?"

"Ni tofauti, Baba Nekesa."

"Sema tena. Polepole."

Nikasema tena. Nikasema mara nne, mara tano. Akajaribu yeye kuyataja yote mawili. Akasema Bamalela, Bamalela. Nikatikisa kichwa. Akajaribu tena, shingo imesimama mishipa, akasema Bamarera, Bamarera. Aliinua macho kunitazama kama amefaulu, akaona uso wangu.

"Siwezi kusikia," akasema. "Zuena, mtoto wangu alikufa kwa kitu ambacho hata sasa siwezi kukisikia."

Akalia, yule mzee, kichwa kwenye unga. Nami nililia. Daktari alikuja mlangoni, akatuona, akarudi zake bila kuuliza.

Saa sita Nakhungu akatoka shule. Alisimama mlangoni na begi lake, akisubiri mzee aende kwenye chupa zake. Absalom hakuinuka. Alijifuta uso, unga ukabaki kwenye nyusi, akasema, "Njoo."

Mtoto akanitazama mimi kwanza. Nikamwambia enda. Akaenda. Absalom akauchukua mkono wake wa kulia akaanza kuhesabu vidole, kimoja kimoja, anakigusa kila kimoja kwenye kucha. Halafu wa kushoto.

"Ni kumi," Nakhungu akasema. "Mimi najua kuhesabu mpaka mia."

"Najua," Absalom akasema. "Nilikuwa nataka kuona mwenyewe."

Hakuuachia ule mkono. Alikaa nao hivyo, kisha bila kugeuka akaniambia, "Zuena, lete karamu."

Sikucheka wala sikusahihisha. Nilileta kalamu na lebo moja ya popo, maana karatasi nyingine hapakuwa na karibu. Akasema andika: Nakhungu, Moi's Bridge, Januari 1990. Mama, Nekesa wa Bamalela. Baba, Wekoye wa Bamarera. Akaniomba niandike kila herufi mahali pake, kwa sababu yeye hawezi kujua. Nikaandika, wino ukakauka, akaitia kwenye mfuko wa shati. Nakhungu akauliza kama sasa anaweza kula chakula chake hapo ndani.